Chuo Kilichofungwa Nazareti

Nilifika Unguja nikitapika. Naandika hili mwanzoni kwa sababu vijana mnaoingia kwenye kazi hii mmesimuliwa kwamba mwinjilisti hushuka bandarini akiimba. Nilikuwa nimeanzia Kasulu. Gari la mizigo lilinifikisha Kigoma, kisha treni, na treni ikalala njiani karibu na Itigi kwa kuwa mvua zilikuwa zimekula tuta la reli. Tulikaa porini tukinunua asali kwa wenyeji mpaka nikakinai asali kwa maisha yangu yote. Dodoma nilishuka bila sababu ya maana, nikalala kwa rafiki, nikamalizia kwa basi. Ndivyo nilivyo, miguu yangu haipendi safari iliyonyooka. Kabla ya uinjilisti nilikuwa nimevuna tumbaku Urambo na kuuza vipuri vya baiskeli Shinyanga, na kila mahali nilipakumbuka kwa uchungu mkubwa kuliko nilivyopapenda nilipokuwa napo. Bahari peke yake ndiyo ilikuwa ngeni kwangu. Boti ilipotoka nje ya bandari ya Dar es Salaam niliacha kukumbuka chochote.

Aliyekuja kunipokea bandarini Malindi alikuwa Bi Agnesi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mzaliwa wa Mkunazini na mzee wa kanisa letu dogo la mtaa wa Ng'ambo. Mimi nilitegemea mwanamume mwenye kola ya kichungaji.

"Mwalimu Gidioni!" aliita.

"Ndiyo," nikasema.

"Nimekuuliza nini hata unijibu ndiyo? Mtu akiitwa huitika naam."

"Naam. Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Kalia begi lako mpaka ardhi itulie. Injili imengoja siku nyingi, itangoja tena kidogo."

Nilikuja na cheti cha kidato cha nne na mafunzo mafupi ya Biblia niliyoyapata bara. Kazi niliyopewa ilikuwa kufundisha Neno kanisani na katika vikundi vya majumbani, zaidi kwa watu wa bara waliofuata kazi kisiwani. Bi Agnesi hakuniruhusu kusimama mimbarani wiki ile ya kwanza. Aliniita nyumbani kwake, akaniketisha, akaniambia nimsomee sura nzima ya barua kwa Wagalatia niliyokuwa nimeiandalia mahubiri. Nilipofika mahali mtume anapotaka tuchukuliane mizigo, na mistari michache mbele anasema kila mtu atachukua furushi lake, alininyamazisha.

"Anajipinga?"

Nikaanza kueleza kwamba mzigo ni wa kimwili na furushi ni la kiroho. Nilikuwa nimelipenda sana wazo hilo. Bi Agnesi alichukua kanga, akatia ndani yake vitambaa na sahani mbili, akafunga fundo, akanirushia mapajani.

"Hilo furushi. Nani atakusaidia kulichukua?"

"Hakuna haja."

Akaonyesha kabati la mvule lililojaa ukuta. "Na ule mzigo?"

"Tungehitaji watu wanne."

"Sasa mambo ya kiroho yametokea wapi? Mtume amesema maneno mawili kwa sababu alitaka kusema mambo mawili. Biblia yenu hii ya zamani ilitiwa Kiswahili hapahapa, kwa midomo ya watu wa hapa. Nyinyi wa bara mnaisoma kama mliandikiwa nyinyi jana."

Huo ndio ulikuwa ualimu wake wote, na miaka yote iliyofuata sikupata mwingine wa kuuzidi. Aliyeandika alikusudia kitu. Kitu hicho kiko pale kabla hujafika wewe na shida zako, na kitakuwa pale ukiondoka. Kazi yetu ni kukifikia, si kukitengeneza. Mnaoniambia kwamba kila msomaji ana Biblia yake, nawaheshimu, lakini sikubaliani nanyi na sitakubaliana. Kama Mungu amesema, basi amesema jambo, na jambo hilo halibadiliki kwa sababu mimi nimeamka vibaya.

Vyombo vyangu vilikuwa vichache. Biblia mbili za tafsiri tofauti, ili moja ikiwa na neno gumu niliulize kwa mwenzake. Itifaki, kile kitabu kinene kinachokuonyesha kila mahali neno lilipotumika. Kamusi iliyokwisha jalada. Kalamu ya risasi, kwa sababu wino ukikosea hauna toba. Hewa ya Unguja hula vitabu. Karatasi za Biblia huvimba na kuota ukungu, kwa hiyo kila baada ya masika nilivianika barazani kama watu wanavyoanika karafuu. Jirani mmoja aliuliza nauza kilo ngapi. Mkikaa chini ya panka, wekeni kijiwe juu ya ukurasa. Nimewahi kuona mwenzangu akianza na Habakuki na kumalizia na Zekaria bila kujua kwamba feni ndiyo iliyomhamisha.

Nilikuwa na kikundi Kendwa pia, cha wafanyakazi wa hoteli, tukikutana mchana zamu zikibadilishana. Huko nilimpata Elia, kijana kutoka Singida, aliyeomba kazi ya mwokoaji wa pwani. Alikuwa na mstari wake mmoja ameuandika hata kwenye fulana, ule wa mtume kuweza mambo yote.

"Unajua kuogelea?" nilimuuliza.

"Mwalimu, mimi nayaweza yote."

"Sijakuuliza hilo."

Siku ya majaribio waliomtoa majini ni watalii wawili wa makamo. Alipoacha kukohoa tuliketi tukasoma mistari iliyotangulia. Mtume alikuwa kifungoni. Alikuwa akieleza kwamba amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa, na kwamba yote hayo anayaweza kwa nguvu anayopewa.

"Kwa hiyo hakuwa anaomba kazi," Elia alisema.

"Alikuwa anasema anaweza hata kukosa."

Elia akafikiri. "Basi ni wangu kweli. Nimekosa." Walimpa kazi ya kufua mashuka, na fulana akaendelea kuivaa, sasa kwa haki.

Hayo yalikuwa ya kucheka. Kesi iliyonitoa jasho ilinijia Ng'ambo, nilipokuwa nimeshakaa miaka ya kutosha kudhani najua kazi.

Alikuja mhubiri kutoka bara, akafanya semina ya wiki nzima chini ya turubai. Watu walimwita Mtumishi, naye alijiita hivyohivyo, hata jina lake tulilisahau. Alikuwa na sauti nzuri kuliko yangu na aliamini anachosema, simsingizii. Siku ya mwisho alihubiri juu ya Bwana Yesu katika sinagogi la Nazareti. Katika tafsiri ya zamani imeandikwa kwamba alipewa chuo cha nabii Isaya, akakifungua, kisha akakifunga, akamrudishia mtumishi, akaketi. Mhubiri akauliza: nani amefunga chuo? Watu wakajibu: Yesu. Chuo kimerudishwa kwa nani? Watu wakajibu: kwa mtumishi. Akasema siku za mwisho zimefika, milango ya vyuo imefungwa mbinguni hata kama duniani iko wazi, na vijana waliomo warudishwe kwa mtumishi wamtumikie Mungu. Alikuwa na kambi ya vijana bara. Angeondoka nao Jumatatu inayofuata.

Nilidhani watu watacheka. Hawakucheka.

Damiani, fundi wa kuchomelea madirisha na mageti, alikuwa mshirika wetu wa siku nyingi. Binti yake Salome alikuwa nyumbani kwa likizo, akingoja kurudi kwa mwaka wake wa mwisho wa uuguzi. Nilimkuta Damiani karakanani kesho yake.

"Salome harudi," aliniambia kabla sijakaa. "Anakwenda kambini na Mtumishi. Umesikia mwenyewe. Kimefungwa."

"Baba Salome, kile si chuo cha namna hiyo."

"Kimeandikwa chuo."

"Kimeandikwa kwa Kiswahili cha..."

"Mwalimu, umeanza. Likiwa jepesi mnaligeuza gumu. Mimi si msomi, lakini chuo najua kukisoma." Akashusha miwani yake nyeusi, akawasha mashine, na mazungumzo yakaishia kwenye cheche.

Salome alikuja jioni nyumbani kwa Bi Agnesi, nami nilikuwapo. Hakulia. Alikaa wima kama watu wanavyokaa wanapongoja kuitwa kwa daktari.

"Mwalimu, baba hasikii mtu. Anasikia Biblia tu," alisema. "Mwambie imeandikwa niende."

"Imeandikwa wapi?"

"Hapohapo. Si alikifungua kwanza? Mwambie alikifungua. Mkazie hapo kwenye kufungua."

Bi Agnesi alikohoa. "Binti ana hoja. Na tena, Gidioni, Bwana alipoketi alianza kufundisha. Wayahudi desturi yao mwalimu huketi. Mwambie Damiani hivyo, kwamba alifunga ili afundishe, halafu unyamaze. Atajijazia mwenyewe."

Nilimtazama mwanamke yule aliyenirushia furushi mapajani. "Atajijazia nini, Bi?"

"Utakachopenda ajijazie."

"Basi mimi na yule mhubiri tutakuwa tumetofautiana njia tu. Yeye amelitumia neno kumfunga, mimi nilitumie kumfungua, na nabii Isaya wote tumemkanyaga. Mwakani atakuja mwingine mwenye sauti kubwa kuliko sisi sote, na Damiani atakuwa hana pa kusimama."

"Na mimi?" Salome aliuliza. "Jumatatu mimi nitakuwa wapi?"

Nilimwambia nitazungumza na baba yake kila siku iliyobaki, na sitamwambia baba yake jambo ambalo Maandiko hayasemi. Aliondoka bila kuaga, na sikumlaumu. Bi Agnesi akasema, "Umekuwa mgumu kuliko nilivyokufunza." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisifu.

Nilikwenda karakanani siku iliyofuata, na iliyofuata. Kumwelewesha mtu neno si kama kumpiga hoja. Ni kukaa naye mpaka achoke kukukimbia. Siku ya tatu Damiani mwenyewe alizima mashine.

"Haya. Hicho chuo ni nini?"

"Kitabu. Yaani karatasi ndefu iliyokunjwa, kama Wayahudi walivyofanya vitabu vyao. Tafsiri hii nyingine inasema wazi, soma."

"Tafsiri hiyo wameilainisha."

"Soma basi hiyo yako. Alipokifungua alitafuta nini?"

Akasoma polepole kwa kidole. "Mahali palipoandikwa."

"Umewahi kuingia chuo cha Salome ukatafuta maandishi ya nabii bwenini?"

Alikunja uso. Duka la jirani lilikuwa la Bwana Makame, Mtumbatu aliyeuza misumari na kamba, rafiki yake wa kutaniana kila asubuhi. Damiani akapaza sauti: "Makame! Chuo ni nini?"

"Naam? Chuo kipi? Cha watoto au cha mtu mzima?"

"Chuo tu."

"Mbona waniuliza kama askari? Bibi yangu, Mungu amrehemu, kila kitabu kwake chuo. 'Nletee chuo changu,' msahafu huo. Ndo maana watoto wa madrasa huenda chuoni, wendako ni kwenye vitabu. Na mwanachuoni ni mtu wa vitabu. Wadhani ni mtu alalae bweni?"

"Nyinyi mna Kiswahili chenu."

"Na nyie Biblia yenu mmeitia Kiswahili cha nani? Cha Dodoma?"

Damiani alishika nondo iliyokuwa mbele yake akaigeuza mkononi.

"Na mtumishi?" aliniuliza. "Kwamba akamrudishia mtumishi?"

"Mhudumu wa sinagogi, mtunza vitabu. Alimpa Bwana kitabu, akarudishiwa kitabu. Kila nyumba ya ibada ina mtu wa namna hiyo."

Hapo ndipo niliona kwamba neno lilikuwa limeisha lakini jambo halijaisha. Uso wake haukuwa na nafuu. Aliketi juu ya geti la mtu lililolazwa chini, akanieleza kitu ambacho nilikijua nusu. Mtoto wake wa kwanza, Yakobo, alikwenda chuo bara, akawa akirudi kila likizo na swali moja zaidi, mwisho akarudi bila kusali kabisa. Siku hizi akipiga simu huzungumza juu ya mpira na hali ya hewa.

"Nilimlipia mwenyewe yule aende akapotee," Damiani alisema. "Mtumishi aliposema kimefungwa, mimi nilisikia kama mtu amekuja kuniokoa. Sasa wewe unaniambia ni kitabu."

"Ni kitabu, Baba Salome."

Alinitazama moja kwa moja. "Haya niambie. Kwa hiyo aya inasema aende?"

Kulikuwa na nafasi ya kutosha kupitisha neno moja. Salome alikuwa amesimama mlangoni pa nyuma na bakuli la chakula cha baba yake. Nilimwona, naye alijua nimemwona. Makame alikuwa ameacha kupima kamba.

"Haisemi," nilijibu.

"Haisemi aende."

"Haisemi aende, haisemi asiende. Inasema Bwana alisoma maneno ya Isaya na akasema yametimia siku ile masikioni mwao. Yametimia ndani yake yeye. Salome hayumo katika sura hiyo, na wewe humo, na mimi simo."

"Sasa nitafanyaje?"

"Biblia ina mengi juu ya baba na mtoto, na tutayasoma yote ukitaka. Lakini amri ya Jumatatu haimo. Hiyo umeachiwa wewe, uiombee na uiamue."

Salome aliweka bakuli juu ya benchi, akaingia ndani. Mlango aliufunga taratibu, na ule utaratibu wake uliniumiza zaidi. Damiani aliniambia niende, kwa adabu, na akaniambia nisirudi mpaka aniite.

Sikulala vizuri siku zile. Bi Agnesi hakunisema, lakini kila tulipokutana alinitengea chai bila kuketi nami. Nilisali. Nilirudia sura ile kwa tafsiri zote mbili nikitafuta kama pana kitu nilichoruka, na kwa kweli nilitamani kiwepo. Hakikuwepo.

Jumatatu asubuhi gari la Mtumishi lilisimama karibu na soko la Darajani kuwachukua vijana wa kambini hadi botini, na mimi nilikwenda pale kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani. Waliingia wanne. Salome hakuwamo. Nilitembea haraka mpaka karakanani. Mashine ilikuwa ikiwaka. Damiani aliinua miwani, akasema, "Amekwenda chuoni alfajiri. Kile cha bweni." Akaishusha tena. Hiyo ndiyo taarifa yote niliyopewa, na sikuomba zaidi.

Wenzangu vijana, mtakutana na watu wengi wenye shida nzito wakiwaomba aya kama mtu anavyoomba dawa dirishani. Mtaona kabisa kwamba ukiikunja kidogo aya hii itamponya huyu. Msiikunje. Sisemi hivyo kwa sababu mambo yangu yaliisha vizuri. Salome angeweza kuingia kwenye gari lile, na bado ningekuwa nimesema kweli, na ningeishi na hilo. Nasema kwa sababu mtu anayekuamini kwa Neno amekuamini kwa kitu kisicho chako.

Miaka iliendelea. Nilifundisha Ng'ambo, nikafundisha Kendwa, hata Makunduchi nilikuwa na familia mbili za walimu kutoka bara. Mwisho koo lilinikataa. Ilianza kama mafua yasiyokwisha, kisha sauti ikawa inakatika katikati ya sala, kisha ikabaki mnong'ono. Daktari alisema nyuzi za sauti zimechoka na zisipopumzishwa zitakwisha. Watu wananiambia mtu wa miaka arobaini na kitu hastaafu. Nawajibu kwa mnong'ono, na mara nyingi wanaelewa.

Nilipanga kurudi Kasulu, ambapo nilikuwa nimeshaanza kupakumbuka kupita kiasi, kama kawaida yangu. Siku ya kuondoka Damiani alikuja na toroli kuchukua masanduku yangu ya vitabu. Bi Agnesi alituaga mlangoni kwake. Magoti yake yalikuwa hayafiki tena bandarini. Alinishika mikono yote miwili, akaniambia nisome kila siku hata kama sina wa kumsomea.

Tulipita Darajani, Damiani akisukuma, mimi nikishika sanduku la juu lisianguke. Malindi tulikuta foleni. Alifuta jasho, akasema Salome ananisalimu sana, alitaka kuja lakini yuko zamu, wodi ya wazazi, na hawezi kuwaacha wanawake wale. Jumapili huimba kwaya akiwa bado na viatu vyeupe.

"Watu wa kanisani huniuliza," alisema, "ni aya ipi aliyonipa Mwalimu hata nikamrudisha mtoto chuoni. Wanataka waitumie kwa watoto wao."

Nilimwuliza kwa mkono: nawe huwajibu nini?

"Nawaambia hakunipa hata moja. Nilimrudisha mimi, baba yake."

Wakaanza kuita abiria. Aliniinulia sanduku la mwisho mpaka begani, akalipapasa kuona kama limekaa sawa, nami nikapanda.